Msimamizi Kimya, Ada Inasonga: Mama Mratibu Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu wanaosoma uzamili na uzamivu kwa masafa. Barua zilizokuja zimemfanya mhariri aulize kama siku hizi nchi nzima inaandika tasnifu. Nimechagua chache. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikaa miaka mingi kwenye kituo cha mkoa cha chuo kimoja cha elimu ya masafa, nikipokea mafaili, malalamiko na maboksi ya tasnifu. Chuo sikitaji, bado tunasalimiana.

Shikamoo Mama Mratibu. Mimi ni Afisa Afya, niko Namanyere, Rukwa. Nasoma uzamili wa afya ya jamii kwa masafa. Masomo ya kozi nilimaliza vizuri tu. Mwezi wa tatu nilimtumia msimamizi propozali yangu. Akajibu "nimeipata". Tangu hapo, kimya. Simu hapokei, WhatsApp naona tiki za bluu. Sasa mwaka mpya wa masomo umeanza na nadaiwa ada nyingine. Nifanye nini bila kumuudhi?

Marahaba mwanangu. Hofu ya kumuudhi ndiyo inayokula ada yako kuliko huyo msimamizi.

Kwanza toka WhatsApp. Ujumbe wa WhatsApp unazama chini ya picha za harusi na salamu za Ijumaa, na hata ukisomwa haukai kwenye faili lolote. Andika baruapepe kwenye anwani yake ya chuo. Kichwa cha habari kiwe na jina lako, namba ya usajili na unachotuma. Nakala impate mratibu wa uzamili wa idara yako, tangu barua ya kwanza, kabla ya ugomvi wowote. Ukianza kuweka nakala siku umekasirika, itaonekana umeshtaki. Ukiweka tangu mwanzo, ni utaratibu wa kazi tu.

Pili, angalia ulichotuma. Kurasa sitini zenye maneno "naomba maoni yako" zinamchosha mtu kabla hajafungua faili. Tuma kurasa hizo, lakini juu yake weka ukurasa mmoja: swali la utafiti ni hili, sampuli nimechagua hivi, hapa na hapa nimekwama. Msimamizi aliye kwenye foleni ya benki anaweza kujibu maswali matatu kwa simu. Kurasa sitini atasema atazisoma wikiendi, na wikiendi ina misiba.

Subiri wiki mbili, kumbusha kwa kujibu baruapepe ileile ili historia ibaki pamoja. Mwezi ukipita, mwandikie mkuu wa idara, nakala kurugenzi ya uzamili na mratibu wa kituo chako. Usimtukane mtu. Taja tarehe tu: nilituma lini, nilikumbusha lini, ada inadaiwa lini.

Sasa nikwambie jambo ambalo wengi hawaambiwi. Chuo kinakutaka ujaze ripoti ya maendeleo kila baada ya muda. Fomu hizo zimepita mezani kwangu. Mwanafunzi anaingia ofisini analia kwamba hajasikia sauti ya msimamizi tangu mfungo, halafu kwenye fomu, sehemu ya mawasiliano, anaandika "mazuri". Anaogopa. Mwaka unaofuata anaomba asitozwe ada ya muda wa ziada, kamati inafungua faili na kukuta saini yake mwenyewe chini ya neno "mazuri". Hapo hata mimi sikuwa na la kusema. Andika ukweli kwa lugha ya upole: "Rasimu ya Machi bado haijarudi." Inatosha.

Kuhusu ada, soma mwongozo wa masomo ya uzamili wa chuo chako, sehemu ya kuahirisha masomo na sehemu ya kubadilisha msimamizi. Zote mbili huwa zimo. Ombi la kuahirisha linatakiwa litangulie. Ukiomba ukiwa tayari unadaiwa, utaambiwa ulipe kwanza. Na wewe uliye kwenye afya usisahau kibali cha maadili ya utafiti, kwa sababu utahoji watu. Anza kuulizia sasa, wakati propozali bado haijapita, maana kamati hizo hukutana kwa ratiba yao. Baada ya hapo kuna barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikishuka hadi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Utadhani kwa kuwa wewe ni mtumishi wa halmashauri hiyohiyo utapita bila barua. Hupiti.

Shikamoo Mama. Nafundisha sekondari Nachingwea, nasoma uzamili wa elimu. Kila makala nzuri nikiibofya inadai dola thelathini na zaidi. Mkutubi wa chuo ameniambia "njoo maktaba". Maktaba iko Dar es Salaam! Wenzangu wananielekeza kwenye tovuti za wizi. Unasemaje?

Marahaba mwalimu. Kumwambia mtu wa Nachingwea "njoo maktaba" ni kumwambia alipe nauli, alale gesti, akose vipindi, ili asome kitu ambacho kiko kwenye intaneti tayari. Huyo mkutubi angejibu vingine kama angeulizwa swali lingine. Muulize hivi, kwa maandishi: "Je, chuo chetu kimesajiliwa Research4Life? Na mwanafunzi aliye nje ya kampasi anaingiaje?"

Research4Life ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa. Ulianza na Hinari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 kwa majarida ya afya, ikaja AGORA ya FAO mwaka 2003 kwa kilimo, kisha mazingira, teknolojia na sheria. Vyuo vya nchi zenye kipato kidogo hupata majarida kwa maelfu, bure au kwa ada ndogo. Lakini wanaosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, na nywila inakaa kwa mkutubi. Inawezekana kabisa kwamba makala unayodaiwa dola thelathini chuo chako kinayo, ila hujapewa ufunguo. Ukijibiwa kwamba inafunguka kwenye kompyuta za kampasi peke yake, kusanya wenzako wa mwaka mmoja mwandike kwa mkurugenzi wa maktaba. Mfumo wa kumwingiza mwanafunzi kwa namba yake ya usajili popote alipo upo na vyuo vingi duniani vinautumia. Ni suala la mtu kuusimika na kuusimamia.

Wakati mnasubiri, ingia AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoko Afrika Kusini na inayofanya kazi tangu 1998. Mengi humo unapakua bila kulipa, na kwa utafiti wa shule zetu yana mambo ambayo Google huyaweka ukurasa wa tisa. Tembelea pia hazina za tasnifu za Chuo Kikuu Huria, Dar es Salaam na Sokoine. Na usione haya kumwandikia mwandishi mwenyewe. Baruapepe yake iko ukurasa wa kwanza wa makala, na wengi hufurahi kujua kuna mtu Nachingwea anataka kuwasoma. Weka Zotero kwenye kompyuta yako leo, ni ya bure, ikutunzie marejeo kuanzia makala ya kwanza. Anayeanza kuyapanga akiwa na makala tisini huwa anakuja kituoni na macho mekundu.

Tovuti za wizi? Sikuhubirii. Nasema tu kwamba hujafika huko.

Mama, mke wangu anasoma uzamivu kwa masafa. Kila siku saa nane za usiku yuko kwenye kompyuta. Chuo gani kinafundisha saa hizo? Mshauri apunguze. – Mume, Morogoro

Saa nane kwa sababu bando la usiku ni rahisi, na kwa sababu saa mbili alikuwa anaosha vyombo. Osha wewe, baba. Na umwongezee bando la mchana.

Assalaamu alaykum Mama. Mimi Mzanzibari, nafanya kazi Muscat, nasoma uzamili katika chuo cha nyumbani. Semina za Zoom wameziweka Jumapili saa nne asubuhi. Huku Jumapili ni kazini. Naandikiwa "hakuhudhuria" kila mara.

Waalaykumu salaam mwanangu. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, ya kwetu Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo siku inayowakutanisha ni Jumamosi peke yake. Aliyepanga ratiba hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia uko wapi. Fomu za usajili zinauliza mkoa uliozaliwa, haziulizi unaamka kwa saa za nchi gani. Mwandikie mratibu wa kozi, mtajie hilo, na mkumbushe kwamba saa nne ya huku, kwenu ni saa tano.

Wakihamishia Jumamosi, Wasabato nao watalalamika, tena kwa haki. Kwa hiyo ombi lenye nguvu zaidi ni semina irekodiwe na ibaki kwenye mfumo wa masomo, pamoja na sauti peke yake kwa wenye bando dogo, na asiyehudhuria apewe nafasi ya kujibu kwa maandishi ndani ya wiki moja ahesabiwe. Na kama data zako utazikusanya Unguja au Pemba, kibali cha Bara hakitoshi. Zanzibar ina utaratibu wake, uulizie mapema.

Mama shikamoo. Mimi ni mwalimu, Iringa, sioni kabisa. Natumia NVDA kusoma kompyuta. Moduli za chuo zimeskaniwa, programu inakaa kimya. Msimamizi naye anachapisha kazi yangu, anaandika maoni kwa kalamu, anapiga picha na kunitumia. Namwomba mwanangu wa darasa la sita anisomee.

Marahaba mwalimu. Barua yako imenikera, si kwa sababu yako.

Kwa wasomaji wengine: NVDA ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran akishirikiana na James Teh, wote wawili hawaoni. Inasoma maandishi. Ukurasa ulioskaniwa ni picha, na kwenye picha hakuna herufi za kusoma. Wewe mwalimu, kama una Windows 10 au mpya zaidi, kitufe cha NVDA pamoja na R kinajaribu kutambua maandishi yaliyo kwenye picha. Kitakusaidia kwa ukurasa mmoja wa dharura. Kwa moduli ya kurasa mia mbili ni adhabu.

Dawa iko chuoni. Karibu kila moduli iliyoskaniwa iliwahi kuwa faili la Word kwenye kompyuta ya mtu fulani. Omba hilo faili, kwa maandishi, kwa kila kozi, na taja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Usiombe kama msaada. Kuhusu msimamizi, mwambie aandike maoni ndani ya Word, kwenye kisanduku cha maoni pembeni. NVDA inavisoma vizuri. Pengine anaona kalamu ndiyo heshima. Nimewajua wa namna hiyo, na wengi walibadilika siku walipoelezwa kwamba maoni yao juu ya sura ya nne yanasomwa na mtoto wa darasa la sita.

Muda wa ziada wa mtihani uombe wakati wa kujisajili, usisubiri siku ya mtihani. Msimamizi wa chumba cha mtihani hana uwezo wa kukupa hata dakika moja ambayo haijaandikwa kwenye karatasi yake.

Mama Mratibu, heshima yako. Kila mwezi mnatupiga mawe wahadhiri. Nina wanafunzi kumi na mmoja wa masafa wa kusimamia, juu ya madarasa ya shahada ya kwanza, kusahihisha na vikao. Wengine wanatuma propozali iliyonakiliwa, hata jina la wilaya hawakubadilisha. Wanapotea mwaka mzima, wanaibuka wiki mbili kabla ya kuwasilisha. Mnataka tufanyeje? – Mhadhiri, Dodoma

Mwalimu, asante kwa kuandika. Ya wilaya isiyobadilishwa nayajua. Nimewahi kupokea utafiti wa Kasulu ambao wahojiwa wake walikuwa wavuvi wa Ziwa Victoria.

Nikupeleke nyuma kidogo. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma kwenye vyuo vyake. Unajiandikisha, unalipa, unatahiniwa. Kufundishwa ilikuwa shauri lako, na ndiyo maana baadaye zikazuka shule za binafsi za kufundisha kwa posta. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971 kiliongeza kitu kimoja kikubwa: kila mwanafunzi alipewa mkufunzi wa kusahihisha kazi zake na kumjibu. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza na wanafunzi mwaka 1994, kikajenga vituo mikoani ili mtu asiwe peke yake. Hiyo yote ilifikiriwa kwa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamili akimaliza kozi na kufika kwenye tasnifu, katika vyuo vyetu vingi anarudishwa 1858.

Yupo mtaalamu, Michael Moore, aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya miaka ya 1960 kabla ya kuhamia Marekani. Alifundisha kwamba umbali katika elimu hii haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi, na kwa jinsi kozi ilivyopangwa. Angalia sasa tunavyofanya. Kwenye kozi kuna moduli, tarehe, majaribio, mtihani. Tasnifu ikianza vyote vinaondolewa siku moja, na hapohapo mazungumzo nayo yanapungua, eti huyu ni mtu mzima wa uzamili atajitegemea. Mpangilio ukiondoka, mazungumzo yalitakiwa yaongezeke. Hao wako wanaopotea mwaka mzima hawakuanza kupotea kwa uvivu. Wengi walikwama kwenye aya moja ya mbinu za utafiti, wakaona aibu kuuliza, na kila mwezi uliopita aibu ikakua.

Kwa hiyo, kwa upande wako: usiwasimamie kumi na mmoja kana kwamba ni kazi kumi na moja tofauti. Wakutanishe mtandaoni mara moja kwa mwezi, kwa saa moja na nusu. Wawili wanaonyesha kazi, wengine wanahoji. Utashangaa ni makosa mangapi watasahihishana wenyewe kabla hayajafika kwako. Mtandao wa CARTA, ulioanza mwaka 2008, huwakutanisha watahiniwa wa uzamivu wa vyuo vya Afrika kwa makundi kwa sababu hiyohiyo, na hao ni watu waliokwisha kuajiriwa vyuoni. Halafu weka ratiba na uitangaze: rasimu ikifika kabla ya tarehe tano, inarudi kabla ya mwisho wa mwezi, ikichelewa, inasubiri mwezi ujao. Ratiba itakulinda wewe na simu za saa nne usiku kuliko itakavyowalinda wao. Na ripoti ya Turnitin, ile programu ya kubaini maandishi yaliyonakiliwa, waione wao wenyewe kwenye rasimu ya kwanza. Chuo kinachoitumia mwishoni tu kinakamata watu. Kikiitumia mwanzoni kinafundisha.

Lakini mengine si mzigo wako, na sitaki uondoke hapa ukidhani nimekubebesha yote. Kama saa unazosimamia wanafunzi wa masafa hazihesabiwi kwenye mzigo wako wa kazi, chuo kimeamua zifanyike usiku, kwa hisani. Hilo ni la seneti. Kurugenzi ya uzamili nayo ina uwezo wa kutoa, kila nusu mwaka, hesabu ya rasimu zilizokaa zaidi ya mwezi bila kujibiwa, kwa idara, bila majina ya watu. Hakuna mkuu wa idara atakayependa idara yake iongoze orodha hiyo.

Na vituo vya mikoa vipewe mtu mmoja wa uzamili mwenye uwezo wa kuamua. Mimi nilikuwa na muhuri, sikuwa na mamlaka. Mtu akija na shida ya barua ya kwenda kwa Katibu Tawala, ofisi iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu, ilibidi faili liende makao makuu lisainiwe, lirudi kwa basi, niligonge muhuri, ndipo avuke barabara. Wakati huo shule alizotaka kuzifanyia utafiti zilikuwa zimefunga. Barua hiyo ingeweza kusainiwa kituoni siku hiyohiyo, na makao makuu yakapewa nakala. Lisemee hilo kwenye vikao vyenu, kwa sababu mhadhiri akilisema linasikika kuliko alipolisema mratibu.

Mama, nimefaulu vaiva (kutetea tasnifu kwa mdomo mbele ya watahini) kwa Zoom tangu mwaka jana, "kwa masahihisho madogo". Nimeyaogopa, sijayagusa. Nianzie wapi?

Hongera, na uache kuogopa. Masahihisho ya vaiva yanamaliza watu waliokwisha kushinda, kwa sababu mwanafunzi akishapongezwa hakuna anayempigia tena simu. Mwandikie mratibu wa uzamili leo umuulize tarehe yako ya mwisho ilikuwa lini, na kama imepita, omba nyongeza kabla hujaanza kazi yenyewe. Kisha chora jedwali la safu tatu. Ya kwanza, maoni ya mtahini neno kwa neno, bila kuyapunguza ukali. Ya pili, ulichofanya. Na pale usipokubaliana naye, sababu yako kwa sentensi mbili. Ya tatu, namba ya ukurasa ambapo badiliko linaonekana. Anza na yale ya tahajia na marejeo upate moyo, kisha nenda kwenye mazito. Safu ya tatu jaza mwisho kabisa, kwa sababu kila ukiongeza aya kurasa zinasogea, na mtahini akifungua ukurasa wa 64 akakuta jedwali la umri wa wahojiwa badala ya ulichomwahidi, anarudisha tasnifu nzima.